Karuba: Ugonjwa wa sukari haungojei vita viishe

Mtu anayekunywa maji bila kukata kiu, anayeamka usiku mara nne au tano kwenda kukojoa, na ambaye nguo zake zinaanza kumlegea kiunoni, huko Karuba hatafutiwi jibu kwa muda mrefu. Majirani wanasema amelishwa karuho. Familia inauza mbuzi, inamtafuta mtu wa kutapisha sumu, na wakati huo mgonjwa anazidi kukonda. Akifa, watu wanauliza ni nani aliyempa kinywaji, na kwenye matanga unazaliwa uhasama kati ya nyumba mbili zilizokuwa zinaazimana moto na chumvi.

Tone moja la damu kwenye ncha ya kidole lingeweza kuzuia hayo yote. Kimashine cha kupima sukari kinaenea mkononi, na jibu linatoka kwa chini ya dakika moja. Kama mtu hajala kitu tangu usiku na kimashine kinaonyesha miligramu 126 au zaidi kwa desilita ya damu, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kinaonyesha hivyo hivyo, huyo ana ugonjwa wa sukari, ule ambao wauguzi wanauita diabete. Kama ana kiu kali, anakojoa sana, anakonda, na kipimo cha saa yoyote kinafika 200 au kupita, hakuna haja ya kungoja: atibiwe siku ile ile.

Katika Masisi na Walikale, ugonjwa huu bado unahesabiwa kuwa ugonjwa wa Goma, wa wenye magari na wenye vitambi. Familia zinafikiri hivyo. Hata wanaoleta misaada, ukitazama kinachoshushwa kwenye malori yao, ni kama wanafikiri vivyo hivyo. Mawazo hayo yanaua watu, na wanakufa wakiwa wamepewa jina la ugonjwa mwingine.

Si ugonjwa wa matajiri

Mwezi wa Novemba 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wazima zaidi ya milioni 800 duniani wanaishi na ugonjwa wa sukari. Mwaka 1990 walikuwa asilimia 7 ya watu wazima. Mwaka 2022 walifika asilimia 14. Katika Afrika, zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao.

Ugonjwa huu una sura zaidi ya moja. Kuna ule wa aina ya kwanza, ambao unashika zaidi watoto na vijana. Mwili wenyewe unaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na bila insulini sukari haiwezi kuingia mahali inapotakiwa ili kuleta nguvu. Mtoto anakula lakini anakonda. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa anarudia. Baadaye anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyochacha. Katika eneo lenye malaria nyingi, mtoto kama huyo anapewa dawa ya malaria, kisha ya tifoide, na bila insulini anakufa kwa siku au wiki chache. Mtoto huyo hakula sukari nyingi, na mama yake hakukosa kitu.

Kuna ule wa aina ya pili, ambao ndio wa watu wengi zaidi. Insulini iko, lakini mwili hauisikii vizuri. Huu ndio unaofuata umri, uzito na damu ya ukoo, na unaweza kukaa miaka mingi bila kujitangaza, hadi siku macho yanapoingia ukungu au kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

Na kuna wa tatu ambao unafaa kusikiwa sana katika Masisi. Tangu mwaka 1955, madaktari waliokuwa Jamaica waliandika juu ya vijana wembamba, waliokulia katika njaa, wenye sukari nyingi katika damu. Wagonjwa wa namna hiyo walionekana pia katika nchi za Afrika na Asia. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama ni ugonjwa wa peke yake, na Shirika la Afya Duniani, lililokuwa limeuweka kwenye orodha mwaka 1985, liliuondoa mwaka 1999. Mwezi wa Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliurudisha na kuupa jina la aina ya tano: ugonjwa wa sukari unaotokana na utapiamlo. Kumbe njaa nayo inaweza kuuleta. Eneo ambalo watoto wengi wamekulia chini ya hema, wakila mara moja kwa siku, halina ruhusa ya kusema kwamba sukari ni shida ya walioshiba.

Kukimbia na dawa mkononi

Tuseme kuna mama wa miaka hamsini na tano, mkaaji wa Karuba. Jina lake si lazima, maana wa namna yake ni wengi. Alipimwa siku alipompeleka mjukuu hospitali, akaambiwa ana sukari, akapewa metformine na glibenklamide. Akaanza kupata nguvu. Kisha mapigano ya mwanzo wa mwaka 2023 yakafika Mushaki na Karuba, akatelemka kuelekea Sake na bidoni, sufuria na wajukuu watatu. Dawa zilibaki juu ya kabati. Februari 2024 mabomu yakakaribia Sake, akatembea tena hadi kwenye kambi za pembeni ya Goma. Mwanzo wa mwaka 2025 vita vikafika Goma kwenyewe, na katika muda wa wiki chache kambi kama Bulengo, Lushagala na Rusayo zikabaki tupu. Akarudi mlimani, akakuta nyumba bila mlango na shamba limekuwa msitu.

Katika safari hizo zote, mama huyo amekuwa na faili tatu katika vituo vitatu, na hakuna hata moja inayojua habari ya nyingine. Kila alipofika aliandikishwa, akahesabiwa, akapewa bashi na sabuni. Walimuuliza kama ana watoto wa chini ya miaka mitano. Kama kuna dawa anayokunywa kila siku, hilo halikuulizwa.

Haya si mawazo ya barabarani. Katika hospitali ya Mweso, humo humo Masisi, Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha huduma ya kufuata wagonjwa wa sukari, na mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliowasikiliza wagonjwa na wahudumu wa huko. Yaliyotoka ndiyo yanayojulikana na kila mtu wa Karuba: usalama mdogo unakata njia, watu wanahama, na chakula hakipatikani hata pale mgonjwa anapojua vizuri alichoambiwa ale. Lakini uchunguzi ule ulionyesha pia kwamba huduma hii inawezekana katikati ya vita. Mweso si Ulaya, ni mwendo wa moto tu.

Shauri lisilolingana na sahani

Mgonjwa wa sukari anapotoka hospitali, mara nyingi anapewa orodha: asile bugali, asile viazi, asile ndizi, asile mihogo, ale samaki, nyama, matunda na mboga nyingi. Mtu wa Karuba akisoma orodha hiyo anaona ameambiwa aache kula. Viazi na mahindi ndivyo vinavyolimwa juu ya milima hii. Mhami wa vita akipata msaada wa Programu ya Chakula Duniani, kwa kawaida ni unga, jamii ya maharagi, mafuta na chumvi. Samaki na nyama havimo. Anayefuata orodha ile anaanguka kwa njaa wiki ya kwanza, na asiyeifuata anajiona mwenye hatia na hataki tena kurudi kwa muuguzi. Shauri kama hilo, hata likiwa la kweli kitabuni, ni baya kwa mtu anayepewa.

Shauri linalofaa linaanza na kile kilichomo ndani ya sufuria. Mgonjwa wa sukari anaweza kula bugali. Kinachobadilika ni kipimo, wakati, na kile kinachoandamana na bugali hiyo. Sahani igawanywe kwa macho: nusu iwe mboga, robo iwe bugali au viazi, robo iwe maharagi, sambaza, yai au kipande cha fromaji ya Masisi kwa anayekipata. Kwa mkono, bugali isizidi ngumi ya mwenye kula. Lengalenga, mashu na majani ya maboga yanaota karibu na nyumba na hata pembeni ya hema. Hayapandishi sukari sana, na yanajaza tumbo. Sombe pia ni mboga nzuri, mradi mafuta yasiwe mengi.

Maharagi ni rafiki mkubwa wa mgonjwa wa sukari. Yanavunjika polepole tumboni, sukari yake inaingia damuni bila haraka, na yanazuia bugali kukimbia. Kuna familia zinazouza kwanza maharagi ya msaada kwa sababu yana bei, kisha zinabaki na unga. Haja ya pesa inaeleweka. Lakini katika nyumba yenye mgonjwa wa sukari, kuuza maharagi na kubakiza unga ni kama kuuza dawa.

Viazi vya kuchemsha ni bora kuliko vya kukaanga. Mahindi ya kuchoma au kuchemsha ni bora kuliko uji mwepesi uliotiwa sukari. Chai inyweke bila sukari. Ulimi unazoea baada ya wiki mbili au tatu. Asali, miwa na soda vyote ni sukari, hata kama asali inaitwa dawa. Avoka haina shida, ndizi mbivu moja ndogo inatosha. Kasiksi ni hatari mara mbili: ina sukari, tena pombe inaweza kuiangusha sukari ya damu usiku kwa mtu anayetumia dawa na ambaye hajala. Na nyumba isimpikie mgonjwa sufuria yake ya peke yake. Chakula kinachomfaa kinafaa wote, na anayekula peke yake kila siku anachoka haraka kuliko yule anayekula pamoja na wengine.

Tena, heri kula kidogo mara tatu kuliko kula mlima wa bugali mara moja jioni. Kwa familia inayopata chakula cha mara moja tu, hata kugawa sahani ile ile, nusu saa nne na nusu jioni, kunasaidia.

Dawa na tumbo tupu

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na inafaa kusemwa waziwazi. Dawa za sukari hazilingani. Metformine ikinywewa peke yake haiangushi sukari kwa urahisi. Inafaa kunywewa pamoja na chakula ili isichafue tumbo. Mtu akishikwa na kipindupindu au kutapika sana, aisimamishe na kukimbilia kituo cha afya. Lakini glibenklamide na insulini zinashusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Mtu anayemeza glibenklamide asubuhi kisha akatembea kutoka Karuba hadi Sake bila kula, anaweza kuanguka njiani. Watamwagia maji na kumwombea, kumbe alihitaji sukari tu.

Kwa hiyo sheria ya mhami ni fupi: kama leo hakuna chakula, glibenklamide isimezwe. Insulini kwa mgonjwa wa aina ya kwanza haiachwi kabisa hata siku moja, lakini kipimo kinaweza kupunguzwa, na muuguzi anatakiwa kumfundisha mgonjwa jambo hilo kabla mapigano hayajaanza. Dalili za sukari kuanguka ni jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Dawa yake ni vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji, kungoja dakika kumi na tano, kurudia kama hajapata nafuu, kisha kula. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu mdomoni, apelekwe mbio. Kumbe mgonjwa wa sukari naye anatakiwa kutembea na sukari kidogo mfukoni. Wenzake wasimcheke.

Jambo lingine ni friji. Kuna wagonjwa walioambiwa kwamba bila friji hakuna insulini, wakakata tamaa. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kazi iliyotokana na hali ya kambi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya, mahali pa joto kali kuliko Masisi. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaiweka insulini katika joto kama hilo kwa wiki nne. Insulini haikupoteza nguvu kuliko ile iliyokuwa kwenye baridi. Kama Dadaab inawezekana, Karuba yenye baridi ya mlimani inawezekana zaidi. Chupa iliyofunguliwa iandikwe tarehe, iwekwe ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, mbali na jua na mbali na jiko. Baada ya wiki nne isitumiwe tena.

Kuhusu mizizi na maombi, maneno machache yanatosha. Kuomba hakukatazi kumeza dawa, na viongozi wa dini wangefanya vema kulisema hilo mbele ya waumini wao. Lakini anayemwambia mtoto wa aina ya kwanza aache insulini ili anywe majani, huyo anamwua, hata kama ana nia njema.

Miguu inayotembea juu ya mawe

Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa. Mguu unakufa ganzi. Mgonjwa anakanyaga jiwe au msumari bila kusikia, anagundua kidonda siku kinapoanza kunuka. Watu waliolala miezi mingi juu ya mawe ya volkano huko Rusayo na Kanyaruchinya, wakiwa na kandambili zilizochanika, wanajua mawe yale yanavyokata. Kule mlimani hatari nyingine ni moto: baridi ya usiku inawafanya wazee kunyoosha miguu karibu na makaa, na mguu uliokufa ganzi hausikii unapoungua.

Dawa ya kwanza ya mguu haina bei. Kila jioni mgonjwa aoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyojaribiwa na mkono wa mtu mwingine, akaushe kati ya vidole, na mjukuu mwenye macho mazuri atazame nyayo zote mbili. Kidonda kidogo kipelekwe kituo siku ile ile. Mguu uliokatwa unamaliza shamba, maana hakuna anayelima milima ya Masisi kwa mguu mmoja.

“Kwanza risasi, kwanza malaria”

Kuna wanaosema kwamba wakati huu si wa sukari. Kuna majeruhi wa risasi, kuna kipindupindu, kuna malaria, surua na watoto wenye utapiamlo. Nani atanunua bandeleti za kupimia sukari wakati hata karatasi za kuandikia wagonjwa zinakosa? Hoja hiyo ni nzito na haifai kudharauliwa. Vituo vya afya vinafanya kazi na kidogo, na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa Januari 2025, dawa zilianza kufika kwa njia ndefu zaidi.

Lakini magonjwa haya hayakukaa kwenye foleni tofauti. Mwenye sukari isiyotibiwa ndiye anayepata kifua kikuu kwa urahisi, ndiye ambaye kidonda chake cha risasi hakifungi, na mama mjamzito mwenye sukari ndiye anayezaa kwa shida mtoto mkubwa kupita kiasi. Anayetibu vidonda bila kupima sukari anatumia bandeji nyingi kwa kazi ambayo bandeleti moja ingeirahisisha.

Tena, mfano uko ndani ya nchi yenyewe. Dawa za kifua kikuu na za VVU zinatolewa bure katika Kongo. Kule Kinshasa, tangu mwaka 2010, kulianzishwa vituo vya mtaani vinavyoitwa PODI, ambapo mgonjwa wa VVU ambaye hali yake imetulia anachukua dawa za miezi kadhaa karibu na nyumbani, akihudumiwa na watu wanaoishi na ugonjwa ule ule. Kama dawa za VVU zinaweza kutolewa kwa miezi mitatu mara moja, metformine, ambayo ni kidonge cha zamani na cha bei ndogo, inashindwaje?

Insulini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, mwaka 1977. Waliogundua namna ya kuitoa kule Toronto mwaka 1921, Frederick Banting na wenzake, waliuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, ili isiwe mali ya mtu mmoja. Baada ya miaka zaidi ya mia moja, hakuna sababu ya kumwambia mama wa Masisi kwamba dawa hiyo ni ya wengine.

Kinachoombwa

Kinachoombwa kinahesabika kwa vidole. Kila kituo cha afya kati ya Sake, Karuba na Mushaki kiwe na kimashine kimoja na bandeleti za kutosha, na kila mtu mzima anayefika na kidonda kisichopona, kiu au kukonda, apimwe. Kila mtoto anayekojoa sana na kukonda apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria kwa mara ya pili. Wanaoandikisha wahami wa vita waongeze swali moja: nani katika nyumba hii anakunywa dawa kila siku? Hospitali kama ya Kirotshe, ambayo watu wa mlimani wanatelemka hadi ziwani kuifikia, iwezeshwe kuwapa wagonjwa dawa za miezi miwili au mitatu pale usalama unapoanza kuharibika. Na wanaotumwa na vituo kupita nyumba kwa nyumba, wale RECO ambao kila kijiji kinawajua, wafundishwe dalili hizi kama walivyofundishwa za kipindupindu.

Wenye silaha, wawe wa upande gani, wana deni lao pia: kuacha njia ya hospitali wazi, na kutoingiza mikono ndani ya vituo vya afya. Dawa ya sukari iliyoporwa haimfai mporaji kitu, na mgonjwa aliyeikosa hawezi kungoja.

Familia nazo zina kazi yao, ambayo haihitaji kungoja lori. Jina la dawa na kipimo chake viandikwe kwenye karatasi, karatasi ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na ikae pamoja na kadi ya kura. Dawa za siku saba zikae ndani ya mfuko ule ambao kila nyumba ya Masisi inautayarisha siku milio inapoanza, pamoja na sukari kidogo. Mtu mmoja zaidi katika nyumba, hata kijana wa miaka kumi na miwili, ajue mgonjwa anakunywa nini na afanye nini akianguka.

Na jirani anayeona mtu anakunywa maji bila kukata kiu, kabla ya kutamka neno karuho, amsindikize kwanza hadi kituo cha afya. Kama kipimo kinatoka safi, hakuna kilichopotea isipokuwa mwendo wa asubuhi moja. Kama kinatoka juu, mtu amepata miaka ya kuishi, na nyumba mbili zimeepuka kuitana wachawi.